Walker hakuwa mtembeaji: uchambuzi wa jina moja la ukoo la Kiingereza

Mwanafunzi wangu mmoja wa tafsiri aliwahi kuniletea zoezi ambalo ndani yake Mr Walker alikuwa amegeuka "Bwana Mtembezi". Nilimpunguzia alama kwa kuwa jina la mtu halitafsiriwi, nikadhani tumemaliza. Akauliza: "Lakini mwalimu, kama lingetafsiriwa, ningekuwa nimepatia?" Nikamwambia ndiyo. Nilimjibu vibaya. Na kwa kuwa jibu hilohilo nimelisikia baadaye kwa watu wanaokijua Kiingereza kwa undani, naona kisa cha jina hili kinastahili kufuatwa mpaka mwisho wake.

Walker ni jina la ukoo lililoenea sana Uingereza, limo katika ishirini ya kwanza, na Marekani nako limejaa tele. Anayejua Kiingereza cha darasa la nne tu anajua kwamba walk ni kutembea, na kwamba -er ndiye mtendaji. Kwa hiyo anahitimisha: mtembeaji. Hata kwenye baa zetu kuna picha inayomuunga mkono, ile ya bwana mwenye kofia ndefu, buti na mkongojo, anayepiga hatua kubwa kwenye chupa ya wiski ya Johnnie Walker. John Walker mwenyewe alikuwa muuza duka wa Kilmarnock, Uskoti, aliyeanza biashara mwaka 1820. Yule bwana anayetembea alichorwa na Tom Browne mwaka 1908. Mchoraji alilichukua jina kwa maana linavyosikika masikioni leo, na kwa zaidi ya miaka 100 picha hiyo imekuwa ikiwafundisha watu etimolojia, yaani asili ya neno, isiyo sahihi bila mtu yeyote kukusudia.

Jambo la kwanza la kuuliza ni hili: jina lilipozaliwa, kitenzi chenyewe kilikuwa na maana gani?

Katika Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani, watawala kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuvuka bahari mwaka 1066, kulikuwa na kitenzi wealcan. Maana yake ilikuwa kubingirisha, kurusha huku na huku, kama mawimbi yanavyofanya. Mtu akienda kwa miguu walisema gan au gangan. Maana ya kutembea ilikuja kushika nafasi katika walk kuanzia karne ya 13 hivi. Lakini neno wealcere, yaani mtu afanyaye kazi hiyo ya kubingirisha na kukanyaga, lilikuwepo tayari, na liliandikwa kama tafsiri ya neno la Kilatini fullo. Fullo alikuwa fundi wa vitambaa. Kijerumani, ndugu yake Kiingereza, kimeitunza maana hiyo mpaka leo: walken ni kukikanyaga au kukiponda kitambaa cha sufu mpaka kishikamane. Waitalia nao walilichukua neno kutoka kwa Wajerumani wa kale, wakakiita kinu cha kazi hiyo gualchiera. Kote huko hakuna safari wala mwendo. Kuna miguu ndani ya hori la maji machafu.

Kazi yenyewe niliielewa kwa sweta. Mwaka mmoja wa baridi kule Njombe dada yangu alinunua sweta la mitumba, sufu tupu, likimfika mapajani. Akalifua kwa maji ya moto na sabuni ya kipande, akalikamua na kulifikicha kama afuavyo shuka. Lilipokauka likamtosha mtoto wa miaka sita. Nililishika: lilikuwa zito, gumu, nene kama blanketi, na ile mistari ya ufumaji ilikuwa imetoweka. Tulipolikata kwa mkasi ili atengeneze kofia, ukingo haukufumuka hata uzi mmoja. Dada alihuzunika sana, kwa sababu lilikuwa sweta la hela nyingi. Lakini kile alichokifanya kwa bahati mbaya, Walker alikuwa akilipwa kukifanya kwa makusudi.

Unyoya wa kondoo una magamba madogo sana, yamelala upande mmoja kama ya samaki. Ukiuloanisha kwa maji ya moto yenye kitu kama magadi, kisha ukausukuma na kuugandamiza, nyuzi huteleza, magamba hunasana, na hayaachiani tena. Kitambaa cha sufu kinapotoka kwa mfumaji kimelegea, kina matundu, na kimejaa mafuta, mengine ya kondoo mwenyewe na mengine yaliyotiwa ili sufu isokoteke. Ukikivaa hivyo upepo unapita. Kwa hiyo kilipelekwa kwa fundi aliyekitia kwenye hori pamoja na maji, udongo maalumu unaofyonza mafuta, na mkojo uliokaa siku kadhaa ukachacha. Mkojo uliochacha hutoa amonia, na amonia huyakata mafuta. Kule Yorkshire mkojo huo uliitwa lant, ukakusanywa nyumba kwa nyumba kama bidhaa. Roma ya kale ilikuwa imekwenda mbali zaidi: Kaisari Vespasian aliutoza kodi mkojo uliochukuliwa kwenye vyoo vya umma na mafundi hao.

Kisha fundi akapandisha nguo yake, akaingia horini pekupeku, akakanyaga. Saa nyingi. Kitambaa kilipungua upana na urefu kwa kiasi kikubwa, ndipo kikatolewa, kikaoshwa na kutundikwa kwenye fremu ndefu za mbao zenye kulabu ili kikauke kimenyooka. Huyo ndiye Walker.

Hapa Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina. Sisi tunasema kufua nguo na kufua chuma, kitenzi kimoja kwa kazi mbili, kwa sababu zote mbili asili yake ni kupiga. Mfua chuma ni mhunzi. Kwa hiyo Smith na Walker, majina mawili ambayo Mwingereza anayaona hayahusiani hata kidogo, Mswahili angeweza kuyaita yote Mfuaji, akabaki kuuliza tu: mfuaji wa nini? Kama ningelazimishwa kumtafsiria mwanafunzi wangu Mr Walker, leo ningesema Mfua Sufu.

Na ushahidi ulio karibu zaidi na sisi uko kwenye Biblia. Katika Marko 9:3, pale Yesu anapogeuka sura mlimani, Biblia ya Union inasema mavazi yake yalikuwa meupe mno, jinsi asivyoweza dobi duniani kuyafanya meupe. Katika Isaya 7:3 tunakutana na "uwanda wa Dobi". Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina fuller mahali hapo. Lakini tafsiri ya kwanza iliyotoka kwa wafuasi wa John Wycliffe, mwishoni mwa karne ya 14, ilipofika kwenye mstari huo wa Marko iliweka maneno mawili pamoja: fullere, au walkere wa vitambaa. Yaelekea mfasiri alijua kwamba wasomaji wake wa kusini wangelielewa la kwanza, na wa sehemu nyingine wangelielewa la pili. Kwangu mimi hiyo ndiyo hati nzito kuliko zote katika kisa hiki. Ni mtu wa zama zenyewe, Mwingereza, akituambia kwa kalamu yake kwamba walkere ni dobi wa sufu.

Lugha ilikuwa imegawanya nchi. Kusini na mashariki, katika Sussex, Kent, Suffolk na Norfolk, fundi huyu aliitwa Fuller. Kusini magharibi, Devon na Somerset, aliitwa Tucker, kutoka kwenye kitenzi cha kale tucian ambacho maana yake ilikuwa kusumbua na kutesa, kwa jinsi kitambaa kilivyoteswa. Mjini Exeter bado liko jengo la chama cha mafundi hao, Tuckers Hall, lililojengwa mwaka 1471. Na kaskazini pamoja na sehemu za kati magharibi, Yorkshire, Lancashire, Derbyshire, aliitwa Walker. Ukichukua sensa ya Uingereza ya mwaka 1881 ukaiweka kwenye ramani, majina hayo matatu bado yanarundikana palepale, karne tano baada ya kuacha kuwa majina ya kazi. Watu walihama, treni zikaja, viwanda vikafunguliwa, na bado mpaka wa lahaja ya watu wa kale unaonekana kwenye orodha za majina.

Yapo maelezo mengine yanayotolewa, na ni haki kuyapima. Moja linasema Walker alikuwa ofisa wa msitu wa mfalme, mtu aliyepewa sehemu ya msitu aizungukie. Kweli cheo hicho kilikuwepo. Lakini kinategemea maana ya kutembea, ambayo ilichelewa kufika, na hakielezi kwa nini jina lirundikane kwenye mabonde ya sufu badala ya kwenye misitu ya mfalme. Huenda mtu mmojammoja alilipata jina huko. Umati haukulipata huko.

La pili ni mahali. Kuna kitongoji cha Newcastle upon Tyne kinachoitwa Walker. Jina hilo la mahali halihusiani kabisa na kazi hii: ni ukuta na bwawa, yaani kinamasi kilicho karibu na ule ukuta ambao Warumi waliujenga enzi ya Kaisari Hadrian. Mtu aliyehama kutoka pale angeweza kuitwa kwa mahali alikotoka. Ila makarani wa zama za kati walikuwa na desturi inayotusaidia sana: jina la mahali walilitanguliza kwa de, "wa kutoka", na jina la kazi kwa le, kibainishi cha Kifaransa chao. Majina ya kina Walker katika hati za karne ya 13 yanakuja na le. Neno hilo la herufi mbili linamaliza ubishi mwingi.

Sasa, ilikuwaje kazi ya mtu ikawa jina la kitukuu wake?

Mwanzoni haikuwa hivyo. John le Walkere alikuwa John anayekanyaga sufu, na mwanawe akiwa seremala angeitwa kwa useremala wake. Lakini baada ya Wanormani kuingia, majina ya ubatizo yalipungua mno. Kijiji kimoja kikajaa kina John, William, Robert, Richard na Thomas. Hapohapo ardhi ilianza kurithiwa kwa hati, mahakama zikaandika kila mgogoro, na serikali ikataka kodi. Kati ya mwaka 1377 na 1381 Uingereza ilitozwa kodi ya kichwa mara tatu. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu hapa. Babu zetu waliijua kodi hiyo, na walijua kwamba karani akishaandika jina kwenye daftari, hilo ndilo jina. Orodha za mwaka 1379 za upande wa magharibi wa Yorkshire zimesalia kwa wingi: mtu wa kawaida peni 4, fundi peni 6 au zaidi, kwa hiyo kazi ya fundi iliandikwa kando ya jina lake. Humo unawaona watu ambao jina na kazi bado vinaafikiana, na wengine ambao tayari vimeachana. Jina linaganda mbele ya macho yako. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Henry VIII, aliamuru kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na maziko, na baada ya hapo haikuwa rahisi tena jina kubadilika.

Lakini kuna jambo katika tarehe hizo ambalo limenishika kuliko yote. Mwaka 1185, katika orodha ya mali za watawa wapiganaji wa Hekalu, vinatajwa vinu vya maji vya kupondea vitambaa, kimojawapo kule Temple Newsam, Yorkshire. Ndivyo vya mwanzo kabisa kuandikwa katika Uingereza. Maji ya mto yanazungusha gurudumu, gurudumu linanyanyua nyundo nzito za mbao, nyundo zinaangukia kitambaa. Kazi ya miguu ya watu kadhaa ikafanywa na mto. Katika karne ya 13 vinu hivyo vilienea, hasa kaskazini na magharibi penye milima na mito yenye kasi. Mabwana wa ardhi walivipenda kwa sababu kila aliyeleta kitambaa alilipa. Kule St Albans, mwaka 1274, wakazi waligombana na abati wao, mkuu wa watawa, aliyetaka sufu yao yote iende kwenye kinu chake, wakati wao walikuwa wamezoea kuikanyaga nyumbani. London mwaka 1298 watu wa kazi hiyo walilalamikia vitambaa kupelekwa kwenye vinu vya nje ya mji.

Weka hayo pamoja. Jina Walker liliganda karne ya 13 na ya 14, tena lilienea zaidi kwenye nchi ileile ya mito ambako miguu ilipokonywa kazi mapema. Kina Walker wengi wa kwanza kulirithisha jina yaelekea walikuwa wakisimamia nyundo za maji. Wao wenyewe hawakukanyaga. Watu waliendelea kuwaita kwa kazi ya miguu ya baba zao, na hata kinu chenyewe wakakiita walk mill. Vijiji na mashamba yenye jina Walkmill, au Waulkmill kwa tahajia ya Kiskoti, yako mpaka leo. Ni kama sisi tunavyosema kufua umeme: nani anapiga nini? Neno limebaki na pigo lake, mkono umeondoka.

Mtu akishalijua hili huwa anataka kuruka mbele: basi kina Walker wote ni ukoo mmoja wa mafundi wa Yorkshire. Hapana. Kila bonde lenye kondoo lilikuwa na mkanyagaji wake, na kila mmoja alianzisha ukoo wake bila kumjua mwenzake. Wanasayansi wa Leicester, Turi King na Mark Jobling, walipochunguza kromosomu ya Y, ambayo baba humrithisha mwana wa kiume, kwa wanaume wenye majina 40 ya Kiingereza, kazi waliyoichapisha mwaka 2009, waligundua kwamba wenye majina adimu mara nyingi wana babu mmoja, ila kina Smith hawana undugu zaidi ya watu wawili waliookotwa barabarani. Jina la kazi iliyokuwepo kila mahali ndivyo linavyokuwa.

Uskoti nako kulikuwa na watu wa Kigaeli walioitwa Mac an Fhucadair, mwana wa mkanyaga sufu, na Kiingereza kilipowafikia wakaandikwa Walker. Hao angalau kazi yao ilitafsiriwa sawasawa.

Halafu kuna waliolipewa wakiwa ng'ambo ya bahari. Massachusetts, kati ya mwaka 1781 na 1783, mtumwa aliyeitwa Quock Walker alifikishana mahakamani na mtu aliyedai kummiliki, na jaji mkuu William Cushing akaliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba utumwa haupatani na katiba ya jimbo ya mwaka 1780. Quock ni Kwaku, jina la Kiakani, la watu wa Afrika Magharibi, la mtoto wa kiume aliyezaliwa Jumatano, kama sisi tunavyomwita mtoto Juma au Hamisi. Kwa hiyo jina lake lilikuwa na nusu mbili: siku aliyozaliwa kwa hesabu ya kwao wazazi wake, na hori la sufu la Uingereza, ambalo hakuna mtu wa kwao aliyewahi kulikanyaga.

Wapenzi wa mpira wanamjua Kyle Walker, beki wa kulia mwenye mbio. Amezaliwa Sheffield, Yorkshire, moyoni kabisa mwa nchi ya kina Walker. Mtu mwenye haraka angesema: huyo ndiye, ramani imethibitika. Lakini familia ya baba yake ni ya asili ya Jamaika, na Jamaika majina ya Kiingereza yaliwafikia watu kwa mabwana wa mashamba, wasimamizi na ubatizo, kabla utumwa haujakomeshwa kati ya mwaka 1834 na 1838. Mahali alipozaliwa panaafikiana na ramani, na bado hapathibitishi chochote kuhusu alikolipata jina. Kwa mtu yeyote mwenye jina hili ningefanya hivyohivyo: kupanda kizazi kwa kizazi kwenye daftari, nisianzie kwenye ramani.

Yule mwanafunzi nilimtafuta baada ya kuyasoma haya. Alishamaliza masomo, anafanya kazi ya kutafsiri. Nilimpigia nikamwambia kwamba lile jibu langu lilikuwa na kosa, nikamsomea ule mstari wa Marko. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja tu: kama kazi yenyewe ilikuwa ya mkojo na matope, mbona hawakuliacha jina walipopata nafasi? Nikamwambia aende kwenye zile orodha za mwaka 1379, aone fundi wa peni 6 alivyoandikwa juu ya jirani yake wa peni 4.